Ufunguo Ulikuwa Nje: Maswali Yenu Kuhusu Ghetto la Venice

Safu ya Kwa Miguu, na Bi Mtembezi

Toleo lililopita niliandika aya mbili tu kuhusu mtaa wa zamani wa Wayahudi jijini Venice, nikadhani nimemaliza. Kumbe nimewasha moto. Basi leo viza na mizigo vikae kando, nijibu barua hizi.

Kwa wageni wa safu: mimi ninaishi Mestre, upande wa bara, ng'ambo ya daraja refu la reli linaloingia Venice, huu mwaka wa kumi na nne. Nilikuja kutandika vitanda hotelini. Siku zangu za mapumziko nikawa nafuata vikundi vya watalii nyuma nyuma, natega sikio bila kulipa, mpaka mwongozaji mmoja mzee akanigeukia mbele ya watu: "Mama, leo ama ulipe, ama uje ufundishe wewe." Nililipa. Tangu siku hiyo mtaa ule nimeutembea na waongozaji watano tofauti, na kila mmoja ameniacha na kitu.

*Shikamoo Bi Mtembezi. Mimi ni kijana nimepanga chumba kimoja Mbagala, na sisi chumba cha kijana anayejitegemea tunakiita geto. "Niko geto," "pita geto tule." Sasa wewe unaandika Ghetto ni mtaa wa Wayahudi huko Italia. Ni neno moja au yamefanana tu? Kijana wa Mbagala.*

Marahaba mwanangu. Ni neno lilelile, limezurura dunia nzima ndipo likafika Mbagala. Lilipoanza halikuwa na habari na Wayahudi wala na ufukara. Lilikuwa jina la mahali pa kusubu shaba. Jamhuri ya Venice ilikuwa na viwanda vyake upande wa kaskazini wa mji, katika wilaya ya Cannaregio, ambako shaba iliyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, na wenyeji wakipaita mahali hapo geto, kutokana na kitenzi chao cha kumimina. Hayo ndiyo maelezo yanayokubaliwa na wengi.

Viwanda vilipoondoka, kikabaki kisiwa kidogo chenye mifereji pande zote. Tarehe 29 Machi 1516 Seneti ikaamua Wayahudi wa mji wahamie pale. Walikuwa kama 700, wengi wao wakimbizi wa vita vilivyochafua miji ya bara tangu 1509. Jamhuri ilizitaka fedha zao, ila haikuwataka kwa ujirani. Wapangaji waliokuwa kisiwani wakatolewa, Wayahudi wakaingizwa kwa kodi iliyoongezwa theluthi moja. Umesikia hapo? Kabla ya lango kufungwa, kodi ilipanda. Wewe uliyepanga sina haja ya kukufafanulia.

Tofauti ya geto lako na lile ni ufunguo. Wako uko mfukoni mwako. Wao malango yao yalifungwa jioni na kufunguliwa asubuhi kwa mlio wa Marangona, kengele kubwa ya mnara wa San Marco, na aliyeshika ufunguo alikuwa nje. Walinzi walikuwa Wakristo wanne, na mashua mbili zilizunguka mifereji usiku kucha. Mishahara ya walinzi na ya wapiga makasia ilitoka mifukoni mwa Wayahudi wenyewe. Unafungiwa, halafu unamlipa anayekufungia! Hapo waongozaji wote watano walinyamaza kidogo, na mimi niliyekwisha kuisikia nikanyamaza nao. Waliosamehewa ni madaktari, waliruhusiwa kutoka usiku, maana tajiri akishikwa na tumbo hasubiri kengele ya asubuhi.

Na hapa nirekebishe kosa langu. Niliandika kwamba Ghetto Vecchio, yaani la zamani, ndilo lililotangulia. Sivyo. Majina hayo yalifuata viwanda, hayakufuata watu: kiwanda cha zamani na kiwanda kipya. Wayahudi waliwekwa kwanza Ghetto Nuovo, la "jipya", mwaka 1516. Vecchio likaongezwa 1541 kwa ajili ya wafanyabiashara Wayahudi waliotoka upande wa dola ya Waosmani, na 1633 likaja Nuovissimo, "jipya kabisa", ambalo ndilo pekee lisilokuwa na historia ya kiwanda. Kwa hiyo jipya ni la kwanza na la zamani ni la pili. Msomaji wa Zanzibar aliyenisahihisha namshukuru, ingawa angeweza kuchagua maneno laini kidogo.

*Bi Mtembezi, habari za huko. Nimefundisha sekondari miaka thelathini na mmoja. Tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi, niliirudia darasani mpaka jalada likachanika. Nikijaliwa kufika huko, nitaonyeshwa nyumba ya Shailoki, yule Myahudi mkopeshaji? Na yale ya kumkata mdeni ratili ya nyama yana ukweli wowote? Mwalimu mstaafu, Morogoro.*

Shikamoo Mwalimu. Nyumba hiyo haipo kwa sababu mwenyewe hakuwapo. Nakuonya mapema maana nimewahi kusimama kwenye kikundi ambacho kijana mmoja, mwavuli juu, alituonyesha dirisha la ghorofa ya tatu akasema "pale". Watu wakapiga picha. Nilipomuuliza amejuaje, akaniambia wageni wanapenda. Hiyo ndiyo siku niliyojifunza kuuliza maswali kabla ya kulipa.

Tamthilia ile iliandikwa kati ya 1596 na 1598 hivi, Ghetto likiwa na umri wa miaka themanini. Soma mwanzo hadi mwisho, neno hilo hulikuti. Wewe unaijua kuliko mimi, basi nikuulize: Shailoki si anatoka jioni kwenda kula kwa Bassanio? Na binti yake Jessica si anatoroka usiku huohuo? Myahudi wa kweli wa Venice saa hizo alikuwa ndani ya lango, na mlinzi yuko nje. Hadithi nzima ya usiku ule isingewezekana. Shakespeare aliandika akiwa London, katika nchi ambayo Wayahudi walifukuzwa tangu 1290, kwa hiyo Shailoki wake ni mtu wa kusikia.

Utakachoonyeshwa, na ndicho cha kweli, ni Banco Rosso, chini ya ukumbi wa nguzo katika uwanja wa Ghetto Nuovo. Ilikuwa nyumba ya rehani. Zilikuwapo tatu: nyekundu, kijani na nyeusi, na waongozaji husema majina yalitokana na rangi ya stakabadhi walizotoa. Unaleta sufuria, koti, shuka la harusi, unapewa pesa na karatasi, na ukija na karatasi yako na deni lako unarudishiwa kitu chako.

Sasa sikiliza hesabu. Ile haikuwa biashara ya kujitajirisha, lilikuwa sharti. Wayahudi waliishi Venice kwa mkataba wenye muda maalumu, muda ukiisha wanajadiliana upya na kulipa upya, na mojawapo ya masharti ya mkataba lilikuwa kuwakopesha maskini Wakristo. Tangu miaka ya 1570 riba ikabanwa kwenye asilimia 5, na mkopo mmoja usizidi dukati 3, sarafu za Venice. Mabenki yale yakawa mzigo kwa jumuiya badala ya faida. Shailoki anakopesha dukati 3,000. Waambie wanafunzi wako wafute sifuri zote tatu ndipo watapata Venice yenyewe.

Kazi nyingine waliyoachiwa unaijua vizuri: mitumba. Hawakuruhusiwa kuuza nguo mpya, wakauza zilizovaliwa, pamoja na vyombo na mapazia ya mkono wa pili. Na Jamhuri hiyohiyo, ikipata balozi wa kigeni wa kumpangia makazi, mapambo ya nyumba ilikuwa inayachukua kwa hao hao wauza mitumba.

*Dada Mtembezi, mume wangu anasema matembezi hayo ni kuzungushwa kwenye kuta kuukuu na kupoteza saa ambayo tungepanda gondola. Nipe la kumjibu. Mama wa Arusha.*

Mwambie gondola ataziangalia bure, zinapita kila mfereji. Mengine yote haya hapa.

Mkishuka stesheni ya Santa Lucia, geukeni kushoto, mfuate barabara ya maduka ya barakoa na sumaku za friji. Msinunue kitu. Mkivuka daraja la Guglie, lile lenye minara midogo minne, pindeni kushoto mfuate maji. Hatua chache tu, upande wa kulia, kuna uwazi mfupi wa giza chini ya nyumba, mtu mrefu anataka kuinama. Mara yangu ya kwanza niliupita mara mbili. Ndio mlango wa Ghetto Vecchio.

Hapo msiingie kwanza. Mwongozaji mzuri atasimama, atanyoosha mkono kwenye miimo ya mawe, na atawaonyesha matundu. Ndimo bawaba za lango zilimokaa. Lango lenyewe halipo: Julai 1797, baada ya majeshi ya Napoleon kuingia Venice, malango yote yaling'olewa yakachomwa moto, watu wakicheza uwanjani. Mbao ziliungua, matundu hayaungui. Mimi kila nikipita hutia kidole, kama mtu anayehakikisha kitu alichokwisha kuambiwa.

Ndani ni kichochoro, na ukutani kuna bamba la jiwe la mwaka 1704 ambalo vikundi vingi hulipita mbiombio. Msikubali. Ni tangazo la serikali linalomkataza Myahudi aliyebatizwa kuwa Mkristo asikanyage tena Ghetto, hata kwa kisingizio chochote, na adhabu zimeorodheshwa moja moja: kamba, jela, makasia ya merikebu, mjeledi, kusimamishwa hadharani. Mshitaki wa siri anaahidiwa zawadi. Fikiri sasa ndugu yako kabadili dini, na mama yenu mgonjwa yuko ndani ya mtaa. Jiwe hilo linasema asije kumwona. Mwongozaji wangu wa tatu, bibi mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, alilisoma neno kwa neno mpaka mwisho, halafu akasema "twendeni". Hakuongeza kitu, na hakuna aliyehitaji aongeze.

Mbele kidogo kichochoro kinapanuka, na masinagogi mawili yanatazamana: la Walevanti, wale wa upande wa Waosmani, na la Wahispania. Wahispania hawa ni kizazi cha Wayahudi waliofukuzwa Hispania 1492, wengi wakaja Venice baada ya kuzunguka sana, na sinagogi lao ndilo kubwa kuliko yote. Ukarabati wake wa miaka ya 1630 unahusishwa na Baldassare Longhena, yuleyule aliyechora kanisa la Santa Maria della Salute. Jumuiya husali kwa zamu, majira ya joto kwa Wahispania, baridi ikibana wanahamia kwa Walevanti.

Halafu mnapanda kidaraja, na ghafla mbingu inafunguka: uwanja wa Ghetto Nuovo. Visima vitatu vya mawe, miti kadhaa, mabenchi, watoto wanapiga mpira. Mumeo atasema "ndiyo hii tu?" Mwambie ahesabu ghorofa.

Venice ni mji wa nyumba za wastani. Hapa zinakwenda ghorofa saba, nane. Karne ya 17 mtaa huu ulikaribia watu 5,000, na kisiwa hakikui. Wakaongeza juu. Kisha kwa ndani wakazigawa ghorofa zenyewe, wakashusha dari, ndiyo maana madirisha yamebanana kama meno ya kitana, mengine madogo hata mtu mzima asingeweza kusimama wima nyuma yake. Na nyumba hizo hawakuwa na ruhusa ya kuzimiliki. Mwenye nyumba alikuwa Mkristo. Wao wakabuni haki ya mpangaji, kwa Kiebrania wakaiita hazaka, watu wa Venice wakaitamka gazaka: mwenye nyumba hawezi kukutoa ovyo wala kupandisha kodi, na haki hiyo unaweza kumrithisha mwanao au kumpa binti aende nayo anapoolewa. Mimi nimeishi Mestre kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Niliposikia habari ya gazaka nilitamani kuwapigia makofi.

Sasa mwambie atafute masinagogi. Hatayaona. Sheria haikutaka yajionyeshe, na nafasi ya chini haikuwapo, basi yakajengwa juu kabisa, yakakaa juu ya nyumba za watu. Imani nayo ikaunga mkono, kwamba kati ya sala na mbingu pasiwe na makazi ya mtu. Angalia juu: madirisha matano makubwa ya tao yaliyopangana, vitabu vitano vya Torati, hilo ni la Wajerumani, la 1528. Pembeni yake kibanda cha mbao kilichochomoza kwenye paa, na juu ya paa kuba dogo, hilo ni Canton, la 1532. Uwanjani hapohapo, ukutani pameandikwa mwaka 1575, la Waitaliano. Matatu katika uwanja mmoja, na anayepita haraka ataapa hakuona hata moja.

Mkiingia kwa tiketi ya makumbusho, mtapanda ngazi za nyumba ya kawaida, nyembamba, zinazolia, halafu mlango unafunguliwa na macho yanaumia kwa dhahabu. Ndani ya Canton kuna vibao vya mbao vyenye mandhari ya Kutoka Misri, bahari inagawanyika, mana inashuka, na humo hakuna uso wa mtu hata mmoja, kwa sababu ya amri ya kutofanya sura. Ukuta unaong'aa kama marumaru uguse kwa macho tu: ni lipu iliyosuguliwa kwa ufundi. Waongozaji husimulia kwamba marumaru Wayahudi walikatazwa.

Mwishowe, ombeni mwongozaji awatajie watu, maana mawe bila watu yanachosha, hapo namwelewa mumeo. Aliishi hapa Leon Modena, rabi aliyefariki 1648, ambaye hata Wakristo walivuka lango kuja kumsikiliza akihubiri. Kamari ilimmaliza. Katika kumbukumbu alizojiandikia ameorodhesha kazi 26 alizowahi kufanya ili kupata riziki, kuanzia kufundisha hadi kuandika mashairi ya kulipwa. Nikilemewa na zamu mbili namkumbuka yeye. Na aliishi Sara Copia Sullam, mshairi, nyumba yake ikijaa wasomi wa dini zote mbili, mpaka kasisi mmoja mgeni wake akamshitaki hadharani kuwa anakana uhai wa roho baada ya kifo, shitaka la kumpeleka pabaya. Mwaka 1621 akamjibu kwa maandishi, akachapisha. Amezikwa kisiwani Lido, katika makaburi ya Wayahudi yaliyokuwapo tangu 1386, miaka 130 kabla Ghetto halijaundwa.

Hayo yote ni mwendo ambao mtu mwenye haraka angeumaliza kwa dakika kumi. Mwambie mumeo achague.

*Assalamu alaikum Bi Mtembezi. Mimi navaa hijabu na mume wangu kofia. Tunaweza kuingia sinagogi bila kutazamwa vibaya? Na kuna wanajeshi kweli? Msomaji wa Lamu.*

Waalaikum salaam. Mnaingia vizuri tu. Mimi mwenyewe huingia na mtandio wangu, na huko ndani kujisitiri ndiyo adabu: mabega yafunikwe, kaptura fupi ziachwe hotelini. Wanaume lazima wafunike kichwa, na mlangoni huwapa wasio na kofia kikofia kidogo. Kaka yangu alipokuja kunitembelea alikuwa na kofia yake ya viua. Mhudumu akachukua kikofia ampe, akamtazama kichwani, akakirudisha sandukuni: "Wewe umeshafika tayari." Walicheka wote wawili.

Wanajeshi wapo, wana kibanda uwanjani, silaha mkononi. Wasalimieni mpite, ila msiwapige picha. Ndani ya masinagogi picha ni marufuku kabisa. Jumamosi makumbusho hufungwa kwa ajili ya Sabato, na sikukuu za Kiyahudi vilevile. Ijumaa nendeni mapema. Wayahudi wa Venice leo ni mia chache tu na wengi wao hawaishi mtaani pale, lakini pale ndipo wanaposali. Mnaingia kwenye nyumba ya ibada yenye watu wake.

*Dada, tutakwenda na binti yetu wa miaka kumi. Nimesoma kuna ukuta wa kumbukumbu wa waliouawa. Nimwambie nini? Au nimpitishe haraka? Mama Neema, Dodoma.*

Mama Neema, barua yako niliiweka mezani siku tatu.

Ukuta upo, upande mmoja wa uwanja, una vibao saba vya shaba vilivyotengenezwa na Arbit Blatas, mzaliwa wa Lithuania, vikawekwa mwaka 1980. Juu ya ukuta kuna seng'enge. Michoro yake si ya kutisha kwa damu, ni watu wembamba wamebanana. Mbele kidogo kuna kazi yake nyingine, ya mwaka 1993, ya treni ya mwisho, na nyuma yake yameandikwa majina na umri.

Wewe mwenyewe ujue haya. Ufashisti ulitunga sheria za ubaguzi mwaka 1938: watoto wa Kiyahudi wakatolewa shuleni, walimu wao wakafukuzwa kazi. Septemba 1943 Wajerumani walipoushika mji, kiongozi wa jumuiya alikuwa daktari mzee, Giuseppe Jona. Alitakiwa atoe majina ya Wayahudi wa Venice. Hakuyatoa, akajiua. Usiku wa tarehe 5 Desemba mwaka huo polisi wa Kiitaliano wakapita milangoni wakiwakamata Wayahudi. Agosti 1944 wakafikiwa wazee katika nyumba yao ya kulelewa, ambayo iko palepale uwanjani hadi leo, na pamoja nao akachukuliwa rabi mkuu Adolfo Ottolenghi, karibu haoni. Kwa jumla waliopelekwa kwenye kambi za Wanazi ni 246. Walirudi 8.

Kwa binti yako, usimpitishe haraka, atakuuliza usiku hotelini na hutakuwa na cha kumwonyesha. Wala usimhubirie. Mimi nilikwenda na mpwa wangu wa umri huohuo, na kilichomfungulia mambo ni vibao vidogo vya shaba ya manjano vilivyopandwa chini, kwenye sakafu ya mtaa, mbele ya milango. Kila kimoja kinaanza kwa Kiitaliano, "hapa aliishi", kisha jina, mwaka wa kuzaliwa, tarehe ya kukamatwa. Nilimwachia hesabu. Akachuchumaa, akahesabu kwa vidole, akataja umri. Akaenda kingine, akahesabu. Cha tatu alikihesabu mara mbili akidhani amekosea, akaniuliza, "Shangazi, huyu alikuwa mdogo kuliko mimi?" Nikamwambia ndiyo. Akauliza alifanya nini. Nikamwambia hakufanya kitu. Hapo alinyamaza, nami sikujaza ule ukimya. Habari ya daktari Jona sikumwambia, ataipata akikua.

Kisha mpelekeni duka la mikate la mtaani pale mkanunue impade, vibiskuti vya umbo la herufi S vyenye lozi ndani. Mtoto ana haki ya kula kitu kitamu siku kama hiyo.

*Bi Mtembezi, kwa ufupi: lugha, gharama, na mama yangu ana magoti. Anayeharakisha, Nairobi.*

Kwa ufupi basi. Kiswahili hakuna. Waongozaji ni wa Kiitaliano na Kiingereza, lugha nyingine ni kwa kuomba mapema. Nunua tiketi kupitia makumbusho ya Kiyahudi yenyewe, na uliza siku hiyo ni masinagogi yapi yako wazi, kwa sababu ukarabati umekuwa ukiyafunga kwa zamu. Kikundi kikizidi watu ishirini, subiri kinachofuata, vichochoro vile ukiwa nyuma husikii kitu.

Ukija Venice kwa siku moja bila kulala, tangu 2024 kuna siku maalumu, hasa za msimu wa machipuko na mwanzo wa joto, ambazo mji unatoza ada ya kuingia: euro 5 ukijisajili mapema, na tangu 2025 ni 10 ukichelewa. Anayelala hotelini ndani ya manispaa, hata huku kwetu Mestre, halipi, ila naye ajisajili.

Mama asitembee kutoka stesheni. Mpandishe boti ya abiria mshuke kituo cha Guglie. Kutoka hapo hadi ndani ya Ghetto Vecchio hamvuki daraja lolote. Kidaraja cha kuingia uwanjani kina ngazi chache, mshike mkono. Masinagogi ya juu asiyajaribu, ngazi zake zinawashinda hata vijana. Mkalishe kwenye benchi karibu na visima, mnunulie impade mbili, mwambie ahesabu ghorofa akiwa amekaa. Mkishuka, muulizeni amepata ngapi. Mimi kila nikihesabu napata jibu jingine.